Dhidi ya Usomaji wa Nusu: Jina, Nafsi na Uwengine katika Zami ya Audre Lorde

Utangulizi

Mnamo Oktoba 1968, James Ngugi, ambaye baadaye alifahamika kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka uliopendekeza kufutwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo cha Nairobi. Waraka huo haukukusudia kuifukuza fasihi ya kigeni. Ulichodai ni kwamba Afrika iwekwe katikati, na fasihi nyingine zisomwe kwa kuzingatia uhusiano wake na kitovu hicho. Fasihi ya watu weusi wa Karibi na Marekani ilipewa nafasi ya heshima katika mpango huo, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa tawi la mti ule ule.

Kwa kipimo hicho, Zami: A New Spelling of My Name, kitabu cha Audre Lorde kilichochapishwa mwaka 1982, hakihitaji kubisha hodi katika idara yoyote ya fasihi nchini Kenya. Mwandishi wake alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1934, akiwa binti ya wahamiaji kutoka Karibi. Mama yake alitoka Carriacou, kisiwa kidogo kilicho sehemu ya Grenada. Kitabu kinasimulia utoto na ujana wa msichana mweusi katika Marekani ya ubaguzi wa rangi, na vilevile maisha ya mwanamke aliyewapenda wanawake. Mambo haya mawili yamesukwa pamoja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo, uhakiki una mazoea ya kuyafumua. Kuna usomaji unaouchukua weusi na kuuacha upendo. Upo unaouchukua upendo na kuuacha weusi. Na upo unaokigeuza kitabu kizima kuwa ungamo la faragha lisilo na sanaa.

Makala haya yanapinga namna zote tatu za usomaji. Yanadai kwamba hali ya kuwa Mwingine, ambayo hapa itaitwa uwengine, si jeraha ambalo Lorde anaungama wala beji anayojivisha. Ni mali ghafi ambayo kwayo nafsi ya msimulizi inaundwa, na mahali pa kuuona uundaji huo ni katika jina. Mhakiki anayeitoa nusu moja ya jina hilo hapunguzi tu maudhui ya kitabu. Anaivunja fani yake.

Weusi bila upendo

Usomaji wa kwanza ndio unaovutia zaidi katika mazingira ya Afrika, kwa sababu unaonekana kuwa na nia njema. Msomaji wa namna hii hukutana na mambo anayoyatambua. Anamwona mama anayetembea barabarani na binti zake, na mate ya mzungu yakitua kwenye koti la mtoto. Mama anayapangusa kwa kipande cha gazeti, huku akilalamika juu ya watu wasio na adabu wanaotema mate kwenye upepo. Mtoto anakua akiamini kwamba tatizo ni upepo. Msomaji huyo anaiona pia safari ya familia kwenda Washington katika sikukuu ya uhuru mwaka 1947, ambapo wazazi na mabinti wanaketi katika duka la aiskrimu na kuambiwa kuwa wanaweza kununua lakini hawawezi kula humo. Familia inatoka kimya kimya, na msichana anabaki na hasira isiyo na mwenzi. Mandhari haya ni sehemu ya historia ya pamoja ya watu weusi, na hakuna mhakiki wa Kiafrika atakayeshindwa kuyaeleza.

Tatizo huanza usomaji unapofika ujana wa msimulizi na kufunga kitabu hapo, au kuendelea kwa kurukaruka. Wanawake anaowapenda huitwa marafiki, na sura ya mwisho, yenye Afrekete, hufasiriwa kuwa ishara ya Mama Afrika na basi. Kinachosahaulika ni kwamba kitabu kinaufundisha weusi kwa njia ya ukimya, na kwamba ukimya huo huo ndio unaouzunguka upendo. Mama aliyeyaita mate upepo alikuwa akimlinda mtoto kwa kuukataa ukweli jina. Binti akajifunza mapema kwamba jambo lisilotajwa halikosi kuuma. Linakosa dawa tu. Azimio lake la baadaye la kuutaja upendo wake hadharani ni jibu kwa somo lile la barabarani. Kwa hiyo mhakiki anayeyaeleza mate vizuri na kisha kuunyamazia upendo anarudia kosa la mama, bila kuwa na udhuru wa mama. Yeye pia anasema ni upepo.

Sababu nyingine hutolewa kutetea ukimya huu, nayo ni sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya hutajwa, pamoja na uamuzi wa Mahakama Kuu wa tarehe 24 Mei 2019 uliokataa kuvifuta. Lakini vifungu hivyo vinahusu matendo. Havisemi lolote kuhusu kusoma na kuhakiki. Tahiniwa hufundishwa tamthilia zilizojaa mauaji ya wafalme bila yeyote kudhani kwamba idara imehalalisha mauaji. Msomi anayejificha nyuma ya sheria ili asisome sura nzima ya kitabu anaitwika sheria mzigo ambao haikuuomba.

Upendo bila weusi

Usomaji wa pili unatoka upande mwingine, na una historia yake. Katika The Second Sex, kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1949, Simone de Beauvoir alifafanua jinsi mwanamke anavyofanywa kuwa Mwingine: mwanamume hujichukua kuwa kipimo, na mwanamke huelezwa kwa kulinganishwa naye. Dhana hiyo ilikuwa na nguvu kubwa, na wahakiki wa tawasifu za wanawake wapendanao waliirithi. Adrienne Rich, katika makala yake ya 1980, aliongeza kwamba mapenzi kati ya mwanamke na mwanamume si maumbile tu bali pia ni taasisi yenye kulazimisha. Kutokana na mihimili hii ilizuka dhana kwamba mwanamke anayempenda mwanamke ni Mwingine aliye mbali kuliko wote, na kwamba wote walioko huko mbali wanalingana.

Zami inaikanusha dhana hiyo waziwazi. Katika New York ya miaka ya 1950, msimulizi huenda pamoja na rafiki zake weupe katika baa ya Greenwich Village inayoitwa Bagatelle, mahali ambapo wanawake wapendanao walikutana. Mlangoni, ni yeye anayedaiwa kitambulisho, ingawa umri wake unaruhusu kama wa wenzake. Kila mmoja anaijua sababu, na hakuna anayeitaja. Muriel, mwanamke mweupe aliyeishi naye kwa mapenzi makubwa, anaamini kwamba kwa kuwa wote wako nje ya jamii, wako nje kwa namna moja. Msimulizi anajua kwamba sivyo. Anampenda Muriel, na bado anajua. Ndani ya chumba kile cha watu waliofukuzwa kuna mlango mwingine, na mlango huo unamhoji yeye peke yake.

Tukio hili ndilo kiini cha kitabu, na ni ajabu jinsi linavyopitwa kwa haraka. Linaonyesha kwamba uwengine si eneo moja ambalo watu wote waliokataliwa huhamia na kuwa sawa. Uwengine una tabaka zake, una wenyeji na wageni wake, na una walinzi wa mlango. Lorde alilirudia jambo hili mnamo Septemba 1979, katika mkutano uliofanyika New York kuadhimisha miaka 30 ya kitabu cha de Beauvoir. Hapo alilalamika kwamba mchango wa wanawake weusi na wa wanawake wapendanao ulikuwa umetengewa kikao kimoja tu. Yaani mkutano uliokusanyika kulaani kufanywa kwa mwanamke kuwa Mwingine ulikuwa umetengeneza Wengine wake. Jina la mkusanyo wake wa insha wa 1984, Sister Outsider, linabeba maana hiyo hiyo kwa maneno mawili: ni dada, na yuko nje.

Haitoshi, basi, kusema kuwa Zami ni kitabu cha mwanamke aliyetengwa. Swali la kuuliza ni: alitengwa na nani, katika mlango gani, na wakati akitengwa pale alikuwa amekaribishwa wapi? Miongoni mwa weusi wenzake ilimpasa kuuficha upendo wake. Miongoni mwa wanawake wapendanao ilimpasa kuisahau rangi yake. Miongoni mwa wanaharakati wa mrengo wa kushoto, aliofanya nao kampeni ya kuwaokoa Julius na Ethel Rosenberg walionyongwa kwa umeme mwaka 1953, mapenzi ya namna yake yalihesabiwa kuwa upotovu wa kibwanyenye na hatari kwa harakati. Kila nyumba ilimfungulia kwa masharti kwamba aache nusu yake nje. Usomaji wa nusu ni nyumba ya nne.

Ungamo na kinyago

Usomaji wa tatu hauchagui kati ya nusu hizo. Unazichukua zote, kisha unazitoa katika fasihi. Kwa mujibu wa usomaji huu, tawasifu ya mwanamke anayewapenda wanawake ni ushahidi: mwandishi alikuwa na siri, akaishi nayo, hatimaye akaifichua. Thamani ya kitabu hupimwa kwa ujasiri wa kufichua. Mkondo huu una kielelezo cha kale katika The Well of Loneliness, riwaya ya Radclyffe Hall ya mwaka 1928. Riwaya hiyo ilitanguliwa na maelezo mafupi ya Havelock Ellis, mtaalamu wa elimu ya jinsia, kana kwamba shujaa wake ni mgonjwa anayeletwa mbele ya jopo na daktari wake. Mwaka huo huo mahakama ya London iliamuru nakala ziharibiwe. Daktari na hakimu walitofautiana juu ya hukumu, lakini walikubaliana juu ya jambo moja: maisha hayo ni kesi.

Anayemsoma Lorde kwa namna hii anabaki katika chumba kile cha mahakama, hata kama sasa anapiga makofi badala ya kuhukumu. Lorde mwenyewe alikwisha kuifunga njia hiyo. Hakukiita kitabu chake tawasifu. Alikibunia neno linalounganisha maisha, visasili na uandishi, ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa tawasifu-kisasili. Kwa neno hilo anamwonya msomaji kwamba hapa hakuna hati ya kiapo. Kuna maisha yaliyopangwa upya kwa nguvu za visa vya kale, ndoto na ushairi.

Wako pia wanaoruka kutoka kosa hili hadi kinyume chake. Paul de Man, katika makala yake ya 1979 kuhusu tawasifu, alidai kwamba nafsi inayojisimulia ni tamathali tu: lugha humvisha msimulizi uso, na uso huo ni kinyago. Kwa wafuasi wa udenguzi, kutafuta utambulisho katika Zami ni ushamba wa kinadharia. Hoja ya de Man haiwezi kupuuzwa, na inasaidia kuuondoa uzembe wa wale wanaoamini kila wanachosimuliwa. Lakini ina kasoro yake. Ni rahisi kutangaza kwamba jina ni kinyago kwa mtu ambaye jina lake halijawahi kuhojiwa mlangoni. Mlinzi wa Bagatelle hakuwa akihoji tamathali. Biddy Martin, aliyeandika mwaka 1988 kuhusu tofauti ndani ya tawasifu za wanawake wapendanao, alipita kwa uangalifu zaidi kati ya miamba hii miwili. Alionyesha kwamba utambulisho unaweza kuwa jambo la kujengwa, lisilo na umoja kamili, na bado likawa na uzito wa kisiasa kwa anayelibeba. Njia hiyo ndiyo inayohitaji kuendelezwa, na jina ndilo linaloiongoza.

Jina kama kazi

Philippe Lejeune, katika kitabu chake cha 1975, aliijenga nadharia ya tawasifu juu ya mkataba kati ya mwandishi na msomaji. Kwa maoni yake, tawasifu inakuwapo pale mwandishi, msimulizi na mhusika mkuu wanapokuwa na jina moja, lile lililoandikwa kwenye jalada. Kipimo hiki ni safi, na kinatumika sana na wanafunzi wa uzamili kwa sababu ni rahisi kukitumia. Hata hivyo, kinapofika kwenye tawasifu za wanawake wapendanao kinaanza kuyumba, na kuyumba huko si kwa bahati mbaya.

Gertrude Stein alichapisha The Autobiography of Alice B. Toklas mwaka 1933. Mwandishi ni Stein, lakini anayesema "mimi" ni Alice, mwenzi wake wa maisha, na anayesimuliwa kwa kirefu ni Stein. Jeanette Winterson, katika Oranges Are Not the Only Fruit cha 1985, alimpa mhusika mkuu jina lake mwenyewe, Jeanette, kisha akakiita kitabu riwaya. Sura zake akazipa majina ya vitabu vinane vya mwanzo vya Biblia, kuanzia Mwanzo hadi Ruthu. Mwaka 2011 aliyarudia maisha yale yale katika kumbukumbu zilizokiri jinsi riwaya ilivyoyapunguza makali. Mmoja anaandika kwa jina la mwenzake, mwingine analitumia jina lake na kulikana. Kwa kipimo cha Lejeune hizi ni kasoro za mkataba. Kwa kipimo cha makala haya ni ushahidi kwamba mkataba uliandikwa kwa watu ambao jina lao lilikuwa limekwisha kukubaliwa kabla hawajaanza kuandika.

Lorde anakwenda mbali zaidi. Kichwa cha kitabu kinatangaza tahajia mpya ya jina, na tahajia hiyo inafanyika kwa hatua. Hatua ya kwanza ni ya utotoni. Mtoto mwenye macho mabovu, anayejifunza kuandika, hapendi mkia wa herufi ya mwisho ya jina Audrey unaoning'inia chini ya mstari. Anaiacha herufi hiyo ili jina lake la kwanza na la ukoo yalingane kwa umbo. Mama anamkaripia na kumlazimisha kuirudisha. Tukio ni dogo na la kuchekesha, lakini ndani yake mna kila kitu kitakachofuata: mtoto anaupenda ulinganifu, mamlaka ya nyumbani yanamrudisha kwenye mstari, na mtoto anashinda baadaye.

Hatua ya pili ni ya kisiwa. Kwa mama, nyumbani ni Carriacou, lakini mtoto hakioni kisiwa hicho kwenye ramani yoyote aliyoifungua. Anaanza kushuku kwamba ni ndoto ya mama. Anakipata akiwa mtu mzima, alipokuwa akisomea ukutubi. Nafsi yake imelelewa, basi, na mahali ambapo dunia rasmi haikupataja. Hatua ya tatu ni jina lenyewe. Zami ni neno la Carriacou, lenye asili katika Kifaransa cha visiwani chenye maana ya marafiki wa kike, na kama Lorde anavyolieleza, linawataja wanawake wanaofanya kazi pamoja wakiwa marafiki na wapenzi. Neno ambalo kisiwani lingeweza kutamkwa kwa kejeli analiokota na kulifanya jina lake.

Jina jipya, kwa hiyo, halikufichuliwa kutoka ndani ya moyo wa mtu mmoja. Lilitoka kwa mama, aliyekuwa wa kwanza kulipinga. Lilitoka kisiwani ambako msimulizi hakuzaliwa. Lilitoka kwa wanawake aliowapenda na kuwapoteza, ambao kitabu kinaanza kwa kuuliza deni lake kwao na kumalizika kwa kuwakumbuka. Hapa ndipo uwengine unapobadilika sura. Wale waliokuwa Wengine kwake, na yeye aliyekuwa Mwingine kwao, ndio herufi ambazo jina limeandikiwa. Anayeliondoa Carriacou anaondoa lugha ya jina. Anayewaondoa wapenzi anaondoa maana yake. Hakuna nusu inayobaki ikisomeka.

Ukweli huu haumfanyi Lorde kuwa mtakatifu wa fasihi. Afrekete, ambaye jina lake linatokana na visasili vya Dahomey, anaingia katika sura za mwisho akiwa na mwanga mwingi mno, na mhakiki wa Kiafrika ana haki ya kuuliza ni Afrika ipi hiyo isiyo na mgogoro wala bei ya unga. Carriacou pia inaelekea kuwa pepo ya wanawake watupu, ilhali kisiwa halisi kilikuwa na umaskini na uhamaji wake. Lakini hoja hizi zinaweza kutolewa tu na msomaji aliyezisoma sura hizo. Aliyeziruka hana hata haki ya kuzilaumu.

Mgeni ni nani?

Inabaki hoja inayotajwa kuliko zote: kwamba tawasifu ya namna hii ni ngeni kwa mapokeo ya Kiafrika. Hoja hii ina mshirika asiyetarajiwa. Georges Gusdorf, katika makala maarufu ya mwaka 1956, alidai kwamba tawasifu yenyewe ni zao la utamaduni wa Magharibi, na kwamba haiwezi kustawi pale ambapo mtu hajioni kuwa nafsi ya pekee iliyojitenga na wengine. Susan Stanford Friedman alimjibu mwaka 1988, akionyesha kwamba nafsi ya kimahusiano ndiyo inayotawala katika tawasifu nyingi za wanawake na za watu waliotawaliwa. Anayesema leo kwamba Zami haituhusu kwa sababu inahusu mtu binafsi anazungumza kwa kinywa cha Gusdorf.

Mapokeo ya Kiswahili yenyewe yanatosha kuijibu hoja hiyo. Tippu Tip aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaandika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Sayyida Salme wa Zanzibar, aliyetoroka kisiwani mwaka 1866 na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, akiwa mtu wa majina mawili na asiye na makazi kamili katika lolote kati yake. Na kabla yao, mnamo 1858, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, na alipofika mahali pa kujitambulisha alijiita kwanza mgeni mwenye majonzi, kisha ndipo akalitaja jina lake na mji aliozaliwa. Mwana Kupona na Lorde wametengana kwa imani, kwa zama na kwa maoni kuhusu wajibu wa mwanamke. Yeyote atakayewafanya mapacha atakuwa amewakosea wote wawili. Lakini kwamba jina la mwanamke anayeandika hutajwa mara tu baada ya kuukiri ugeni wake, hilo si jambo ambalo fasihi ya pwani ilingoja kufundishwa na New York.

Hata msamiati unatoa ushahidi. Kiswahili kina neno msagaji, na kuwapo kwa neno kunaonyesha kwamba jambo lenyewe halikuja na ndege. Gill Shepherd, katika utafiti wake kuhusu Mombasa uliochapishwa mwaka 1987, alisisitiza uzito wa cheo na mali katika mahusiano ya namna hii mjini humo. Suala si kukosekana kwa neno, bali ni aina ya neno. Msagaji humtaja mtu kwa tendo, na kwa dharau. Humpunguza mpaka akabaki kitendo kimoja. Zami humtaja kwa kazi, urafiki na upendo pamoja. Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili anakabiliwa na chaguo lile lile lililomkabili Lorde: alitumie neno la kejeli kama lilivyo, aliokote na kulipa maana nyingine, au, kama ilivyofanywa katika makala haya, aseme kwa urefu kidogo "wanawake wapendanao". Kila chaguo lina gharama yake. Kunyamaza ndiko kusiko na utetezi.

Wahenga walisema mtu ni watu. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha mtu kwa jina la watu. Zami inaisoma upande wa pili: ikiwa mtu ni watu, basi watu wanaomfungia mtu mlango wamejifungia sehemu yao wenyewe.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba usomaji wa nusu, uwe wa kizalendo, wa kifeministi au wa kiushahidi, unaanguka kwa sababu moja. Unadhani kwamba utambulisho ni orodha ya sifa, ambapo mhakiki anaweza kuchukua anazozipenda na kuziacha nyingine kwenye sahani. Katika Zami utambulisho ni tahajia, na tahajia haivumilii kuachwa kwa herufi isipokuwa kwa mkono wa mwenye jina. Lorde aliiondoa herufi moja utotoni kwa hiari yake, na hilo likawa jina lake hadi alipofariki mwaka 1992. Mhakiki hana ruhusa ya kuondoa zaidi.

Waraka wa 1968 ulitaka Afrika iwe katikati ili iweze kuona mbali, wala haukuiweka katikati ili ijifungie. Idara zinazojivunia urithi huo zina kipimo rahisi cha kujipima: Zami inapofundishwa, je, inafundishwa hadi ukurasa wa mwisho? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo Waswahili. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyeambiwa aingie na mguu mmoja.